Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Sisi wa Mwamapalala hatuna reli. Anayetaka kusafiri kwa treni hutoka hapa kwa gari hadi Malampaka, wilayani Maswa, na kulisubiri pale gari moshi linalotoka Mwanza. Reli hiyo ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu wakati wa babu zetu imekuwa njia yetu ya kwenda Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Pamba yetu imepita humo, vijana wetu wamekwenda shule kwa njia hiyo, na wagonjwa wetu wamepelekwa hospitali kubwa wakiwa wamelazwa kwenye viti vya daraja la tatu. Kwa hiyo reli ikiumia, nasi tunaumia, ingawa filimbi yake hatuisikii.

Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2002 ilitukuta shambani tukichuma pamba. Habari ilitufikia kwa redio: treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam imepata ajali mkoani Dodoma, watu wengi wamekufa. Mtangazaji alitaja majina mawili ambayo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuyasikia, Msagali na Igandu. Tuliacha magunia pale pale tukaenda kanisani bila kuitwa. Ndugu yetu mmoja, baba wa watoto wanne, alikuwa amekwenda Dar es Salaam kufuatilia shauri la familia, na alikuwa ametuambia atarudi kwa treni wiki ile ile.

Kwa siku nne hatukujua kitu. Simu ya kuaminika ilikuwa Bariadi mjini, na kule Dar es Salaam hatukujua nani wa kumpigia. Idadi ya waliokufa iliongezeka kila tulipofungua redio, mpaka ikafikia watu 281. Treni ile ilikuwa na abiria zaidi ya 1,200. Tulipokezana kukesha nyumbani kwa mke wake. Tuliimba, tukaomba, na tuseme kweli, baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kuanza kuhesabu nani atatoa mbuzi na nani atatoa mahindi ya msiba.

Ijumaa jioni alishuka kwenye basi, mwili mzima vumbi, mkononi ana mfuko mmoja. Alikuwa amechelewa stesheni. Foleni ya daladala ilimshika, akafika na kukuta treni imeondoka, akakaa juu ya mfuko wake akalia kwa hasira.

Jumapili ile tulifanya ibada ya shukrani ambayo haijasahaulika. Tulipiga vigelegele. Kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Ndugu yetu alisimama mbele akashuhudia jinsi Mungu alivyotumia foleni ya magari kumwokoa, nasi tukaitikia amina. Ndipo mama mmoja mjane, ambaye kwa kawaida hasemi kitu kanisani, akasimama kwenye mstari wa akina mama. Akasema, "Baba mchungaji, naomba nisamehewe. Nafurahi kwa ajili ya ndugu yetu. Lakini wale mia mbili themanini na moja, wao Mungu hakuwapatia foleni?"

Kanisa likanyamaza. Watoto nao walinyamaza. Mchungaji alikaa kimya kwa muda, kisha akafungua Injili ya Luka sura ya 13, akatusomea habari za mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Watu walimletea Bwana Yesu habari za vifo wakitaka kujua nani alikuwa na dhambi zaidi, naye akakataa mizani hiyo. Waliokufa hawakuwa wabaya kuliko waliobaki. Badala ya kuwaeleza wasikilizaji wake habari za marehemu, akawageuzia neno wao wenyewe: tubuni. Mchungaji akafunga Biblia akasema kwamba siku hiyo hana la kuongeza, ila hata yeye atakwenda nalo nyumbani swali la yule mama.

Swali hilo tumekuwa nalo miaka yote hii. Tunaandika haya kwa sababu lilitupeleka mahali ambapo hatukutarajia.

Tulikuwa na mzee mmoja kanisani, sasa amelala katika Bwana, tuliyezoea kumwita Guku, yaani babu. Ujanani alifanya kazi ya kuchochea moto kwenye injini za mvuke, wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kati ya Tabora na Mwanza. Jioni ile baada ya ibada tulimfuata nyumbani. Tulitaka atueleze jinsi treni nzima inavyoweza kurudi nyuma yenyewe, kwa maana ndivyo ilivyokuwa pale Igandu. Treni ilikuwa inapanda mlima, breki zikaleta shida, ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma, ikateremka ikiongeza kasi, wapo waliojirusha madirishani, mpaka ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake kwenye njia hiyo hiyo moja.

Guku alichukua kipande cha bomba na kutuonyesha. Breki za treni hazifanani na breki za baiskeli. Bomba moja hupita chini ya mabehewa yote, na nguvu ya hewa ndiyo inayofunga na kufungua breki. Mafundi wa zamani walizipanga vizuri: bomba likikatika, breki zinajifunga zenyewe. Lakini treni ikisimama mlimani kwa muda na mabomba yanavuja, ile nguvu inayoshika huisha kidogo kidogo bila kelele, na magurudumu yanalegea. Ndiyo maana kuna breki za mkono, na ndiyo maana kuna vigingi vya kuwekwa chini ya magurudumu. Na ndiyo maana, alisema, treni hukaguliwa kabla haijaanza kupanda mlima. Ikisubiriwa mpaka iwe imekwama katikati ya mlima, saa ya kukagua imekwisha kupita.

Kisha akatueleza kuhusu injini zake za mvuke. Sisi tulidhani hatari yake ni moto. Guku alisema hatari ni maji yakipungua. Juu ya chumba cha moto lazima maji yawepo wakati wote; yakishuka, bati la chuma linabaki wazi juu ya moto, linalainika, na mvuke ukilipasua, hakuna anayebaki mzima pale mbele. Ili kujua maji yamefika wapi, kuna kioo kirefu chembamba mbele ya macho ya dereva. Lakini kioo kile nacho kinaweza kudanganya. Tundu zake zikiziba kwa uchafu, maji yanasimama ndani ya kioo yakionekana mengi, kumbe kwenye boila yamekwisha kushuka. Kwa sababu hiyo kila anayepokea zamu alitakiwa kufungua koki za kioo, amwage maji yaliyomo, kisha aangalie kama yanarudi haraka. Guku alifanya hivyo kila siku kwa miaka yake yote ya kazi. Alipokuwa kijana alidhani wanamsumbua tu.

Injini za aina zile sasa hazivuti mizigo yetu. Nyingine zimehifadhiwa Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyoanzishwa mwaka 1971. Ipo pale injini namba 3020 inayoitwa Nyaturu, kwa jina la majirani zetu wa Singida, na lipo lile jitu namba 5918, lililopewa jina la mlima wetu Gelai, lenye uzito wa tani 250 na zaidi. Katika nchi nyingine injini za kale bado huwashwa ili watu wapande kwa kumbukumbu na kufurahi na watoto wao. Uingereza wanazo reli nyingi za namna hiyo, na boila ya injini ya kumbukumbu hufunguliwa na kukaguliwa upya kila baada ya miaka kumi hivi, hata kama inaonekana nzima. Chuma hakijui kwamba leo ni sikukuu. Kikipasuka mbele ya watalii kinaua kama kilivyoua zamani.

Hilo la sikukuu linatukumbusha habari nyingine, ambayo tuliisoma baadaye sana na iliyotushika moyo kwa sababu inahusu watu kama sisi. Tarehe 12 Juni 1889, katika mji wa Armagh huko Ayalandi, watoto wa shule ya Jumapili ya kanisa la Methodisti walipanda treni ya mvuke pamoja na wazazi na walimu wao kwenda kushinda ufukweni. Walikuwa mamia kwa mamia. Treni ilikuwa nzito kuliko nguvu ya injini, nayo ikakwama kwenye mlima si mbali na mji. Wenye treni wakaamua kuigawa: injini ipeleke kwanza mabehewa ya mbele, kisha irudi kuyachukua ya nyuma. Breki ya aina ile ilifanya kazi pale tu mabehewa yalipounganishwa na injini. Walipoyatenga, mabehewa kumi ya nyuma yakabaki yameshikwa na breki moja ya mkono, na mawe waliyoyapachika nyuma ya magurudumu.

Injini ilipojaribu kuondoka, ilirudi nyuma kidogo tu, ikayagusa yale mabehewa. Mawe yakasagika. Mabehewa yakaanza kuteremka yakiwa yamejaa watoto, na milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Chini kulikuwa na treni nyingine inayokuja. Watu 80 walikufa, wakiwemo watoto. Mwaka ule ule bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kila treni ya abiria iwe na breki zinazojifunga zenyewe bomba likikatika. Elimu ya breki hizo ilikuwepo kabla ya siku ile. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba gharama yake inastahili.

Tulipoisoma habari hiyo tulitazamana. Kati ya Armagh na Igandu kuna miaka 113 na bahari nzima, lakini ni mlima ule ule, treni inarudi nyuma vile vile, na nyuma yake kuna treni nyingine vile vile. Na zaidi ya hapo, sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuweka jiwe letu.

Hapa ndipo tunapotaka kutubu mbele yenu, wapendwa mnaosoma.

Ilikuwa miaka mitano baada ya Igandu, wiki ya Pasaka. Kwaya yetu ilialikwa kwenye mkutano mkubwa, tukakodi lori. Bei ilikuwa nafuu, na hatukuuliza sababu ya unafuu. Asubuhi tulipokusanyika, tuliliona lori limeegeshwa kwenye mwinuko mdogo, na utingo ameweka jiwe kubwa nyuma ya tairi. Tulikuwa watu wazima zaidi ya ishirini pamoja na vijana. Wote tuliliona jiwe. Mmoja wetu aliuliza kwa mzaha kama hiyo ndiyo breki ya mkono, utingo akacheka, nasi tukacheka. Kisha tukashikana mikono, tukafumba macho, tukamwomba Mungu awatume malaika wake watutangulie mbele na watulinde nyuma.

Tulifika salama, tukaimba, tukarudi. Wakati wa kurudi, baada ya kuvuka mto mkavu na kupanda kingo yake, lori lilichemka na dereva akalisimamisha hapo hapo kwenye mwinuko. Jiwe likashushwa likawekwa nyuma ya tairi. Jua lilikuwa kali, tukashuka kutafuta kivuli. Kijana wetu wa sauti ya nne alikaa nyuma ya lori, kwa sababu kivuli kilikuwa upande huo, akawa anakunywa maji. Hatukusikia mlio wowote, ila mlio wa jiwe likikwaruza. Lori lilirudi nyuma hatua chache tu, kama alivyotueleza Guku, bila kelele.

Hakufa. Madaktari walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Tulimtembelea hospitalini kwa zamu. Kila aliyeingia alisema maneno tuliyofundishwa kuyasema: ajali haina kinga, kazi ya Mungu haina makosa, hakuna jambo bila mapenzi yake. Yeye alitusikiliza kwa adabu, kwa kuwa amelelewa vizuri. Siku alipotoka hospitali alituomba jambo moja. Alisema hatuchukii, wala dereva hamchukii, na fidia hatadai kanisani. Anaomba tu tusimwambie tena kwamba Mungu alitaka. "Jiwe tuliliona sote," alisema. "Mimi pia nililiona."

Guku naye, alipoletewa habari, hakusema ajali haina kinga. Alikaa kimya akitazama chini, kisha akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyekagua lori. Hatukuwa na jibu.

Tangu hapo tumesoma Maandiko kwa macho mengine. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba auzungushie ukuta mdogo paa lake la juu, ili mtu akianguka kutoka huko, damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Sheria hiyo hatukuwahi kuihubiri. Tuliona ni habari ya ujenzi tu. Sasa tunaona kwamba yule yule aliyeamuru Sabato aliamuru pia ukuta wa paa, na kwamba hakusema: ombeni, nami nitawadaka wanaoanguka. Tena katika Mathayo sura ya 4, ni Shetani aliyemshauri Bwana Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu akitumaini malaika watamchukua, na alilitoa shauri hilo kwa kutumia Maandiko. Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Sisi tulilipokea shauri lile lile siku ya Pasaka, tena tukaliimbia.

Hatusemi kwamba kila ajali ina mkosaji. Mvua kubwa huondoa udongo chini ya reli usiku, kama ilivyotokea mara nyingi kati ya Kilosa na Gulwe, na mnyama hukatiza barabara. Tunaloliona ni kwamba tulikuwa wepesi mno kumpa Mungu kazi ambayo ilikuwa yetu, kisha kazi isipofanyika tukaiita mapenzi yake. Kumsingizia mtu ni dhambi. Tujiulize kumsingizia Mungu ni nini.

Basi tumeweka utaratibu. Kabla ya safari yoyote ya kanisa, wazee wawili na dereva huzunguka gari kabla hatujaomba. Wanaangalia matairi, taa, usukani, breki ya mguu na ya mkono. Gari hupandishwa mwinuko na kusimamishwa pale bila jiwe. Watu huhesabiwa, na wakizidi, wanaozidi hubaki. Kisha mzee mmoja husema mbele ya wote, "Tumekagua." Hapo ndipo tunafumba macho.

Utaratibu huu umetugharimu. Mwaka mmoja gari lilishindwa kusimama kwenye mwinuko siku ya safari, na mwenye gari alikataa kurudisha malipo ya awali. Hatukwenda. Wasichana wa kwaya walilia na sare zao mpya mwilini. Wazazi wengine walinung'unika kwamba imani yetu imepoa, kwamba zamani tulikuwa tunakwenda tu na Mungu anatupeleka. Hatukuwa na la kuwaonyesha. Hakuna kilichotokea siku hiyo; tulirudi nyumbani, tukapika ugali, tukalala. Huenda gari lingefika salama. Huenda lisingefika. Hilo Mungu peke yake analijua.

Jumapili iliyofuata, yule kijana wetu, ambaye sasa ni baba wa familia na mwalimu wa kwaya, aliinuka kwa magongo yake wakati wa shuhuda. Alisema anataka kushukuru kwa sababu hakuna kilichotokea. Watu walicheka kidogo, wakadhani anatania. Yule mama mjane, siku hizo macho yake yamekwisha kufifia, ndiye aliyeitikia amina wa kwanza.

Leo reli mpya ya kisasa inajengwa kati ya Mwanza na Isaka, na vijana wa Simiyu wanatafuta kazi huko. Wanapokuja kuaga, tunawawekea mikono na kuwaombea kama zamani. Lakini kabla ya kuwaombea tunawasimulia kuhusu kioo cha Guku kinachofunguliwa kila zamu, na kuhusu mlima wa Igandu. Tunawaambia kwamba atakayekaza nati moja usiku, peke yake, bila msimamizi kumwona, amewatumikia abiria ambao hatawajua majina, na Bwana anaihesabu kazi hiyo pamoja na ibada. Na kila mwaka tarehe 24 Juni tunawaombea jamaa za wale 281. Hatuwaambii kwamba Mungu alitaka.